Loisi na Zizi la Devota

Kijijini kwetu, huku upande wa Mlali, mashirika hatuyaiti kwa majina yaliyoandikwa kwenye milango ya magari yao. Majina yale ni marefu, halafu yanafanana. Tunayaita kwa kitu yalicholeta. Lilikuja la Vyoo, likaja la Mbuzi, likaja la Mizinga, likaja la Majiko, na moja lilikuja na semina za siku tatu na soda tu, halikuacha hata msumari. Hilo tunaliita la Soda. Mimi Yotham nimeyaona yote kwa sababu yote yalipitia uani kwangu. Gari likifika kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji anawaambia wageni nendeni kwa mama Loisi, yule ndiye mtu wenu. Mama Loisi ni mke wangu.

Ana fulana kumi na sita, kila moja ina maneno kifuani, na hajawahi kuajiriwa hata siku moja. Ni mtu wa kujitolea. Neno hilo mimi siku hizi sitaki hata kulisikia. Kujitolea maana yake mkeo anaondoka alfajiri na daftari, anazunguka vitongoji vitano kwa miguu na vijana wa mjini waliovaa kofia, anarudi saa kumi jioni miguu imevimba, na mkononi ana chupa ya maji waliyompa. Mimi nimeshasonga ugali, nimeshakula, nimeshakasirika, hasira imeshakwisha. Anakaa chini ananiambia, "Baba Stanley, leo watu hawakutaka kabisa kufungua milango." Namwambia mimi mwenyewe ningekuwa na mlango mzito ningekufungia. Anacheka kidogo, halafu analala pale pale kwenye mkeka.

Lakini msije mkasema Yotham ni adui wa maendeleo. Najua alivyoanza. Mtoto wetu wa pili, wa kike, alikufa kwa kuhara akiwa na miezi tisa. Mwaka ule tulizika watoto wengi, masika nzima ilikuwa ni kuchimba makaburi madogo. Ilipofika mwaka elfu mbili na tatu likaja la Vyoo, wakatafuta mwanamke aliyemaliza la saba mwenye mwandiko mzuri, Loisi akaenda na Stanley, mtoto wetu wa tatu, mgongoni, hata hakuniuliza. Alitembea nyumba kwa nyumba kama mtu anayedai. Aliwasimamia wanaume wazima wakichimba mashimo, akawatania, akawatukana kidogo, mashimo yakachimbwa. Nawaambieni, tangu wakati ule hatujazika watoto kwa namna ile. Hilo silipingi, na nikimwona mtu analipinga nagombana naye.

Ila miaka ishirini na moja ni mingi. Kila shirika linakuja na maswali yale yale. Mnakula milo mingapi? Mnalala wangapi? Paa la nyasi au la bati? Watu wamechoka kuulizwa. Bibi mmoja alimwambia, "Loisi, umekuja tena kuuliza nakula nini? Nakula mlenda. Mwaka juzi nilikula mlenda. Andika mlenda, uende zako." Na mambo yakiharibika, lawama ni zake. Mbuzi walipokufa kwa homa ya mapafu walikuwa "mbuzi wa Loisi". Nyuki walipohama mizinga walikuwa "nyuki wa Loisi". Yale mazuri yote yalikuwa ya shirika.

Basi, mwaka jana mwezi wa tano, tukiwa bado tunapura uwele, likaja la Matenki. Aliyetumwa ni kijana anaitwa Frank, anakaa Msalato, ofisi yao iko mjini Dodoma. Kijana mpole sana, ana adabu, shikamoo yake anaitoa huku ameinama. Kwao ni kule kwenye migomba na mvua za mwaka mzima, huku kwetu vumbi lilikuwa linampasua midomo. Alileta habari njema: matenki arobaini ya kuvuna maji ya mvua, lita elfu tatu kila moja, pamoja na mifereji ya bati ya kuzungushia paa. Kijiji kina nyumba zaidi ya mia nne. Kwa hiyo watapewa walio na shida zaidi, na nani ana shida zaidi itasema mashine. Frank alikuwa na kishikwambi. Unaulizwa maswali, anabonyeza, mashine inajumlisha. Na kulikuwa na sharti moja ambalo halina mjadala: mwenye ng'ombe watano au zaidi hapati.

Loisi tangu siku ile ya kwanza alikuwa na jina moja kichwani: Devota.

Devota ni mjane wa binamu yangu, namwita shemeji. Mguu wake wa kushoto ulivunjika zamani ukaungwa vibaya, anatembea kwa kujivuta. Analea mjukuu wa miaka minne, Editha, mama yake yuko Dar es Salaam hatuna habari zake. Bomba liko mbali nao, kiangazi linakatika wiki nzima, na likikatika watu wanateremka korongoni kufukua mchanga mpaka maji yachuruzike. Devota anakwenda korongoni na ndoo moja ya lita kumi, kwa sababu ya ishirini haiwezi. Anaondoka kumekucha, anarudi jua la utosi. Ndoo moja. Loisi alikuwa akimbebea nyingine siku alizoweza, lakini Loisi mwenyewe magoti yameisha. Aliniambia, "Nikimpatia Devota tenki lile, mimi nimemaliza. Naweka daftari chini." Nikamwambia umeshasema hivyo kwenye majiko. Akasema safari hii kweli.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo sisi Wagogo hatuelezani, maana kila mtu analijua. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Anawagawa. Wanne kwa huyu, saba kwa yule, amtunzie. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hawafi wote. Anayetunza anakamua maziwa anakunywa, anapata samadi ya shamba, na baada ya miaka pengine anapewa ndama. Mwenye mali anaepuka macho ya watu na maombi ya ndugu. Na huulizi. Ukikuta ng'ombe kwa mtu, huwahesabu, wala humwulizi ni wa nani, na yeye aliyepewa hasemi kamwe kwamba si wake. Amefunga mdomo, ndiyo heshima aliyompa mwenye mali. Akisema, siku inayofuata wanaondolewa.

Zizini kwa Devota kulikuwa na ng'ombe tisa. Wote wa Mzee Bartolomayo. Anajua kila mtu, na hasemi mtu.

Siku Frank alipofika kwa Devota nilikuwepo, nilikuwa nambandikia miiba kwenye ua. Maswali yalikwenda vizuri. Mjane, ndiyo. Mguu, Frank akauona mwenyewe, akasikitika kwa kweli. Maji, mbali. Halafu akatembea mpaka mlangoni mwa zizi, akanyoosha kidole, akaanza: mmoja, wawili, watatu. Kwa sauti! Mimi niliangusha panga. Loisi akafumba macho kama mtu anayesikia jino linang'olewa.

"Mama, hawa ng'ombe ni wako?" Frank akamwuliza Devota.

Devota akatazama chini. "Ni wa hapa."

"Tisa?"

"Si umewahesabu, baba."

Frank akamgeukia mke wangu. "Mama Loisi, ni sawa?"

Ilikuwa nafasi yake. Angesema hata, "Mwanangu, twende pembeni." Lakini angesema vipi mbele ya Devota, mbele yangu, juu ya mali ya mzee ambaye hayupo? Akasema, "Weka ulichokiona." Baadaye aliniambia alidhani mashine itauona mguu na ujane, itamwonea huruma hata kwa ng'ombe tisa. Miaka yote ile na mashirika, bado aliamini mashine ina huruma.

Orodha ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Devota hayumo. Namba kumi na tatu, Bartolomayo: mzee, miaka sabini na sita, zizi tupu, ng'ombe hana. Loo! Watu walisoma wakapita kimya kimya, wengine wakicheka kwa pembeni.

Loisi hakucheka. Alikwenda kwa mzee siku hiyo hiyo, akapiga magoti, akamsalimu, akazunguka maneno kama inavyotakiwa. Mzee Bartolomayo si mtu mbaya, na mimi sitamfanya mbaya ili hadithi yangu inoge. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi sikuomba tenki. Wamekuja wenyewe, wamekuta zizi halina kitu, wameandika. Nikisema sitaki, wataniuliza kwa nini. Niwaambie nini?" Loisi akainuka. Akaondoka.

Akampigia Frank simu. Hakumtajia jambo lenyewe, alisema tu kuna mtu ameachwa kimakosa. Frank akamjibu kwamba kuna utaratibu: mwenye pingamizi atasimama kwenye mkutano wa hadhara, atasema mbele ya wote, ndipo orodha ibadilishwe. Wao ofisini hawawezi kubadilisha kwa maneno ya simu, itaonekana upendeleo. Na kwa upande wake alikuwa na haki kabisa. Huko walikotoka, jambo la haki ni lile linalosemwa wazi.

Nilimwambia mke wangu anyamaze. Nilimwambia mara tatu. "Mama Stanley, hili si la kwako."

"La nani, basi?" akaniuliza.

Nikamwambia chai inapoa.

Mkutano ulikuwa Jumatano, watu wengi kweli, maana matenki yanavuta watu kuliko chanjo. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mtendaji akasoma majina arobaini, akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nikamwona Loisi anainuka. Nikamkazia macho, nikamtikisia kichwa, hakunitazama. Alikuwa amevaa fulana ya Vyoo, ile ya kwanza kabisa, imepauka mpaka maandishi hayasomeki.

Akasema, "Devota hana ng'ombe hata mmoja. Wale tisa ni wa Mzee Bartolomayo."

Watu hawakupiga kelele, ndilo lililonitisha. Mwanamke mmoja alijiziba mdomo kwa khanga. Devota, ambaye alikuwa amekaa mbele kwa sababu ya mguu, aliinamisha kichwa mpaka kikakaribia magoti. Mzee Bartolomayo aliinuka kwenye kigoda chake, akajipangusa vumbi kwenye koti, akaenda zake bila kuaga. Frank peke yake alifurahi. Alipiga makofi, akasema, "Ahsante sana, mama, huu ndio uwazi tunaoutaka!" Akaona anapiga makofi peke yake, akaacha. Jina la mzee likakatwa, la Devota likaandikwa.

Jua halijazama, wachungaji wa Bartolomayo walikuwa wameshawatoa ng'ombe wote tisa. Hawakumtukana Devota, hawakumwambia hata neno. Walifungua zizi, wakawaswaga, wakaenda. Editha aliwafuata mpaka njia panda akimwita ng'ombe mmoja kwa jina, ikabidi nikamchukue.

Tungeweza kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Watu walianza kujiuliza: kama Loisi amelitoa la Bartolomayo mbele ya mtendaji na wageni, kesho atalitoa la nani? Wiki ile nzima ng'ombe walikuwa barabarani. Huyu anaondoa watatu kwa mjane, yule anaondoa wanne kwa mlemavu, mwingine anapeleka kwa mkwe wake kijiji cha pili ambako hawamjui Loisi. Nyumba kumi na moja zilibaki na mazizi matupu, na zote zilikuwa nyumba za watu wa chini kabisa, maana ndio wanaopewaga ng'ombe kutunza. Ya kumi na mbili ni yangu. Mjomba wangu wa Chamwino alikuwa na majike wawili kwangu tangu harusi yangu. Alimtuma mtu na salamu nzuri tu, anawahitaji. Nikawatoa mwenyewe. Nyumbani tukaanza kunywa chai ya rangi.

Kanisani watu walimsalimia Loisi kwa vichwa tu. Akifika bombani, maongezi yanakatika. Hayo aliyavumilia. Lililomvunja ni Devota.

Matenki yalikuja mwezi wa nane. La Devota lilisimamishwa vizuri, jeusi, linang'aa, mifereji ikafungwa kuzunguka paa. Frank akampiga picha Devota ameshika koki. Mwezi wa nane, jamani! Huku kwetu mvua ni Desemba, ikiamua kuja. Koki haikutoa hata tone. Devota akaendelea kwenda korongoni na ndoo yake, sasa tumboni hana maziwa, na yule mtoto akaanza kukonda. Alizoea maziwa ya mgando asubuhi na jioni. Sasa ilikuwa ugali na mlenda, mlenda na ugali, halafu mlenda wenyewe wa kukausha.

Loisi akaenda na unga kidogo na karanga. Mimi nilimsindikiza kwa sababu hakutaka kwenda peke yake, na nilipoona mtu aliyezunguka nyumba zote za kijiji hiki miaka ishirini na moja leo anaogopa mlango mmoja, nililia moyoni. Devota alipokea unga, akashukuru. Halafu akasema polepole, bila hasira:

"Ulikwenda kwa Mzee Bartolomayo ukamwuliza. Ukampigia Frank ukamwuliza. Mimi uliniuliza?"

Loisi akaziweka karanga chini.

"Ungeniuliza ningekwambia. Maji nayafuata, nachoka, lakini nayapata. Maziwa siwezi kuyafuata korongoni."

Tulipofika nyumbani mke wangu alikaa uani akazitoa zile fulana zote, akazifua, zikiwa safi, akazifua tena.

Na ndipo, kana kwamba Mungu anamtania, Frank akapiga simu. Ofisi imependa sana ujasiri wake, imeandikwa kwenye ripoti. Mradi unaongezwa miaka mitatu, kata nzima, na safari hii kuna nafasi moja ya ajira hapa hapa kijijini: msimamizi, mshahara wa kila mwezi, pikipiki, bima ya afya. Wamemchagua yeye. Ajira! Mwanamke huyu alikuwa ameingoja ajira hiyo tangu Stanley yuko mgongoni, na Stanley sasa ana ndevu. Mimi nilisimama pale nikawaza magoti yake juu ya pikipiki, nikawaza hospitali bila kuuza mahindi. Sitadanganya, nilifurahi. Yeye akasema, "Nashukuru, mwanangu, nitakujibu," akaweka simu, akaniambia vaa viatu.

Tulikwenda kwa Mzee Bartolomayo. Tulikwenda na jogoo na shuka jipya, kama mtu aliyekosa anavyokwenda. Mzee alitukaribisha, tukakaa. Loisi akapiga magoti.

"Nimekuja kukiri kosa, baba."

"Umenivua nguo mbele ya wanangu," mzee akasema. "Wako Kibaigwa wanauza mahindi, walikuwa hawajui nina ng'ombe gani wako wapi. Siku ya pili tu walikuwa hapa wote. Wameuza watatu, mbele ya macho yangu. Wamebaki sita."

"Nimekosa. Siombi kwa ajili yangu. Naomba ng'ombe warudi kwa Devota, kwa ajili ya mtoto."

Mzee alimtazama yule jogoo muda mrefu. Alikuwa amechoka na yeye, ungeona. Mtu wa miaka sabini na sita, mifupa yote inaonekana, anasumbuliwa na wanawe.

"Nitawarudisha sita," akasema. "Na wenzangu nitawaambia warudishe wa kwao. Wananisikiliza. Lakini wewe hutaingia tena nyumba ya mtu na wale wenye maswali. Ukija na kikapu, karibu. Ukija na mgeni wa ofisi, mimi nawaondoa ng'ombe, na wenzangu wanawaondoa. Na hili liishie hapa hapa, lisifike kwa wale vijana likawa mkutano mwingine."

"Nimekubali."

"Nenda kwanza ukafikiri."

"Nimekubali, baba."

Nilitaka kuvuta khanga yake nimwambie, mwanamke, ajira! Lakini nikamwona uso, nikaiacha. Njiani nikajaribu kidogo, nikasema labda tungemwomba mzee atupe muda. Akasema, "Baba Stanley, tembea." Nikatembea.

Siku ya tatu ng'ombe sita walirudi kwa Devota. Sikwenda kuwaangalia, wala Loisi hakwenda. Tulimsikia tu Editha anapiga kelele kule ng'ambo, anawaita. Wale wa nyumba nyingine walirudi polepole, mmoja mmoja, si wote. Wa mjomba wangu hawakurudi, na sikumwuliza.

Wiki iliyofuata Frank akapiga tena. Nilikuwa nimekaa na Loisi uani tunachambua karanga za mbegu, akaweka sauti nje nikawa nasikia.

"Shikamoo, mama. Mkataba uko tayari. Njoo mjini Alhamisi usaini, nauli tutakurudishia."

"Marahaba, mwanangu. Sitaweza kuja. Kazi hiyo mpeni mtu mwingine."

Frank alidhani hakusikia vizuri. Akarudia. Loisi naye akarudia. Kijana akashtuka, akaanza kuuliza kama alivyofundishwa, swali baada ya swali. Ni mshahara? Ni baba anakataza? Pikipiki inamtisha? Kuna mtu amemtishia? Maana kama kuna mtu amemtishia, shirika halitakubali, atakuja yeye mwenyewe na gari kesho, watamwita mtendaji, wataitisha mkutano, jambo liwekwe wazi.

Loisi akanitazama. Najua alichokuwa anakiona: gari, mkutano, jina la mzee linatajwa tena, zizi linafunguliwa tena. Kijana mzuri yule, angekuja kweli, na angekuja kwa moyo safi. Hakukuwa na jibu hata moja la kweli ambalo angempa bila kuwaondoa wale ng'ombe sita.

"Hapana, mwanangu. Nimechoka tu."

"Umechoka tu, mama? Basi tukupe mwezi upumzike, tutakusubiri."

"Msinisubiri."

Halafu Frank akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, kwamba amevunjika moyo, kwamba aliwaambia wakubwa wake huyu mama hawezi kukata tamaa. Aliuliza mara ya mwisho kama kweli hakuna sababu nyingine.

"Hakuna," Loisi akasema. "Nimechoka."

Akakata simu akaiweka juu ya karanga, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na mimi nikasogea nikakaa karibu naye kwa sababu sikujua la kufanya.